Benchi la Karibu na Mlango

Watu wa Same wakiniuliza ninafundisha nini chuo kikuu, hujibu "historia" na kunyamaza hapo hapo. Mara moja tu nilikosea nikaongeza maneno. Ilikuwa dukani, nyuma ya stendi, nimekuja likizo, na mwenye duka aliuliza kwa nia njema kabisa. Nikamweleza kwamba nachunguza jinsi makanisa ya milimani kwetu yalivyowahukumu watu katika mambo ya ndoa, uzazi na mapenzi. Akamgeukia mwenzake aliyeketi juu ya gunia la mchele.

"Umesikia? Kumbe mambo ya chumbani yana profesa."

"Na mshahara analipwa," yule wa guniani akasema. "Sisi tunahangaika nayo bure."

Tangu siku hiyo mimi ni Profesa wa Chumbani. Hawana ubaya. "Profesa wa Chumbani, shikamoo, leo sukari au chumvi?" Naitikia marahaba, nachukua sukari yangu, narudi nyumbani na vumbi la Same limenijaa mdomoni.

Mwaka huu ni wa mwisho kabla sijastaafu. Kazi hii niliianza nikiwa na redio ya kurekodia kaseti na viatu vya kupandia milima, nikaingia jikoni kwa wanawake wengi, wa juu kwenye migomba na wa chini kwenye mashamba ya mkonge, ambako walikimbilia wale ambao hawakutaka kuulizwa mtoto ni wa nani. Kila mmoja nilimfungulia jalada lake, kila kaseti nikaipa namba. Baadaye kazi ikageuka kuwa vikao, kusahihisha mitihani, na kujibu wasomaji wa majarida, wale wanaopima makala kabla hazijachapwa, ambao hawajawahi kufika kwetu lakini wanajua ningepaswa kumwelewaje bibi yangu. Haya yote yanachosha, ila siyo yaliyonichosha. Kilichonichosha ni kusikia hadithi moja kutoka vinywa vingi, hadi nikawa naweza kuimalizia kabla msimulizi hajaifikia nusu.

Kwa asiyeijua desturi yenyewe, ilikuwa hivi. Msichana akipata mimba bila ndoa, jina lake lilisomwa kanisani Jumapili wakati wa matangazo, katikati ya tangazo la harusi na tangazo la kufyeka uwanja. Kuanzia hapo alikuwa ametengwa. Kanisani aliweza kuingia, lakini hakufika mezani pa Bwana, hakusimamia ubatizo wa mtoto wa mtu, na akifa akiwa bado ametengwa, mchungaji hakuvaa joho wala kengele haikupigwa. Ndugu walimfukia wenyewe. Njia ya kurudi ilikuwapo. Alisimama mbele ya usharika, akakiri, akaombewa, ikasemwa amerudi kundini. Wengi walirudi baada ya miezi michache. Na mwanamume? Kanuni haikumsamehe mwanamume. Ila kanuni ilitaka atajwe, na tumbo humwonyesha mtu mmoja tu.

Shangazi yangu, dada wa baba, alisomwa hivyo akiwa msichana huko Bombo, milimani. Alijifungua mtoto wa kiume. Wazee wa kanisa walipomwita asimame akiri, aliwauliza kama na mwenzake atasimama. Wakamwuliza, mwenzake yupi? Akasema, "Basi nitasubiri mpaka mtakapomwona."

Akasubiri. Kila Jumapili alikwenda kanisani na kukaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, upande wa wanawake. Wenzake walipoinuka kwenda mezani pa Bwana, yeye alikunja magoti kando wapite. Hakuolewa. Yule mwanamume alikuwa mwimbaji wa kwaya. Akaoa kwingine, akawa mzee wa kanisa, akazeeka kwenye benchi la mbele upande wa wanaume. Hakuna aliyekuwa hajui. Mtoto alikua na paji la uso lile lile, na sauti ile ile.

Sura ya mwisho ya kitabu changu inamhusu yeye. Jina lake sikuliandika; nilimwita "mwanamke aliyekataa". Niliisoma sura hiyo kwenye mikutano kadhaa, na mara moja mwenzangu mmoja alilia. Niseme ukweli: sifa yangu nyingi niliipata kwenye lile benchi.

Nilikuwa nasahihisha mitihani aliponipigia simu yule mtoto wa shangazi. Ni kaka yangu kwa ukoo, analima tangawizi, na siku hizi yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa.

"Dada, mama anataka kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Kundini."

Nikaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba daktari ameona moyo wa mama umekuwa mkubwa kuliko nafasi yake, na hauna dawa ya kuurudisha. Nikasikia mbuzi wakilia nyuma yake.

"Mama za watu nimewazika wengi," akasema. "Nimebeba majeneza, nimeshika biblia ya mchungaji mvua ikinyesha. Mama yangu nitamzika kama gogo?"

"Unataka nifanye nini, kaka?"

"Njoo uzungumze na wazee wenzangu. Wanasitasita. Wewe ndiye unayeyajua haya."

Nikakodi gari na dereva pale Same, tukashika barabara ya Kisiwani, hifadhi ikiwa kushoto na milima kulia. Ukifika mahali pa kupandia, joto linakuacha ghafla, na kuanzia hapo ni migomba, mawe na kona mpaka Bombo. Shangazi nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda anamenya maharage mabichi. Miguu ilikuwa imevimba. Mikono ilikuwa na kasi ile ile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko kwenu mnakula karatasi?"

Nilikaa kwenye jiwe, nikachukua maganda kadhaa nimsaidie. Nilikuja na maswali yangu kichwani kwa mpangilio, kama nilivyozoea, lakini likatoka moja tu: kwa nini sasa?

"Baridi," akasema.

Nikamenya ganda jingine.

"Ule mlango mpya wa chuma haukai sawa. Upepo unapita chini, unapanda mpaka magotini. Kule mbele kuna joto, watu wamebanana." Akatupa maharage kwenye sufuria. Kisha akaelekeza midomo upande wa zizi, mwanawe alikokuwa akifunga kamba. "Na huyo. Kila akitoka kuzika anakuja kukaa hapo ulipokaa wewe. Chakula nampa, hali. Anaichungulia tu sahani. Anapungua mtoto wa watu."

Mtoto wa watu ana wajukuu. Lakini niliona kweli kwamba shati lilimpwaya.

Sitaficha kwamba moyo wangu ulishuka. Miaka yote nilikuwa nimeandika kwamba mwanamke huyu amesimama peke yake mbele ya sheria ya watu. Sasa anaondoka pale kwa sababu ya upepo wa mlangoni na sahani ya makande isiyoliwa.

"Lakini mchungaji alikubali kuja kukurudisha hapa nyumbani," nikasema. "Wagonjwa wanaruhusiwa. Kaka ameniambia umekataa."

"Nilitolewa mbele ya watu. Nirudi mbele ya kuku?"

"Na kanisani watakuuliza, shangazi."

"Wakiniuliza nitajibu."

"Utajibu nini?"

"Si hawajauliza bado?"

Hapo ndipo wazee waliposita. Nilikutana nao Jumamosi mchana katika ofisi ya usharika, chumba chenye mabenchi mawili na kalenda ya mwaka uliopita. Mwenyekiti wao alinikaribisha vizuri, akaniomba niwafafanulie. Nikafafanua. Niliwaeleza desturi hii ilitoka wapi, nani waliitunga, sehemu gani iliachwa katika sharika nyingine na kwa nini. Nilisema kwa utaratibu, kama ninavyosema darasani, na kama darasani mmoja alisinzia. Nilipomaliza, mwenyekiti alishukuru.

"Profesa, mhadhara ni mzuri sana. Sasa, bibi atataja mtu au hatataja?"

"Hilo sijui."

"Basi sisi tunalojua ni hili. Akikiri yake, tutafurahi, tutampokea, na siku ikifika tutamzika kwa kengele. Akimtaja mtu, itabidi tusimamishe ibada hiyo. Huwezi kumtuhumu mzee wa watu mbele ya madhabahu bila yeye kuitwa. Tutaanza upya, kwa vikao, na vikao vyetu unavijua. Bibi hana muda huo."

Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye kona, mzee mwenzao. Wakati wote alitazama kofia yake.

"Mnaogopa nini?" akauliza mama mmoja, mmoja wa wazee wawili wanawake waliokuwamo. "Bibi ana moyo mkubwa, daktari mwenyewe kasema."

Wakacheka, hata aliyekuwa amesinzia, na kikao kikafungwa kwa sala. Nje, mchungaji akanifuata. Ni kijana, umri wa wanafunzi wangu wa shahada ya pili, na ana adabu iliyonifanya nijisikie mzee zaidi.

"Mama, nikuulize kama mwanao. Ungependa amtaje?"

Nilimwambia ukungu unashuka, bora niondoke kabla njia haijateleza. Sikutaka kumdanganya. Nilitaka amtaje. Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote ya kazi mwanamke mmoja aseme jina mahali pale pale lake liliposomwa. Na nilijua kwamba akilisema tu, kaka yangu atamzika mama yake bila kengele.

Jumapili ukungu ulikaa mpaka ibada ya kwanza ikaisha. Shangazi alivaa gauni la bluu na kitambaa cheupe kichwani. Mwanawe alitangulia na mkungu wa ndizi begani, sadaka ya mazao. Mimi nilimshika kiwiko. Tuliketi kwenye benchi lake, na nikathibitisha: upepo ule unakata. Simu yangu, ambayo hurekodi, niliizima nikaiweka chini kabisa ya mkoba. Sijui kama nilifanya hivyo kwa heshima au kwa uchovu.

Yule mzee, mwimbaji wa zamani wa kwaya, alikuwapo. Alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, kichwa kimeinama upande wa sikio linalosikia.

Matangazo yakasomwa. Harusi moja. Kazi ya kusomba mchanga. Kisha mchungaji akasema yuko mama yetu anayetaka kurudi kundini, apite mbele. Shangazi akainuka. Nilimsindikiza mabenchi mawili au matatu, halafu akautoa mkono wangu kwenye kiwiko chake kama mtu anayeondoa jani, akaendelea mwenyewe. Alikwenda polepole mno. Kwaya ilianza ubeti ili kuziba kimya, ikaumaliza, yeye bado yuko katikati, wakarudia.

Mchungaji akamwuliza kama kitabu cha ibada kinavyosema: mbele za Mungu na mbele ya usharika huu, anakiri kwamba alitenda dhambi?

Shangazi akageuza kichwa, akatazama upande wa wanaume. Hakuwa na haraka. Kaka yangu alikuwa amesimama kando ya madhabahu pamoja na wazee wenzake, na niliona kofia ikizunguka mikononi mwake, ikizunguka, ikasimama.

"Yangu nakiri," shangazi akasema.

Mchungaji akangoja.

"Ya mtu mwingine sina mamlaka nayo. Aje nayo mwenyewe."

Sauti haikuwa ya hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba kwenye gari ameshusha mzigo wake, uliobaki si wake. Mwenyekiti wa wazee alifungua mdomo. Lakini mchungaji, kijana yule, alikwisha kuweka mikono juu ya kitambaa cheupe na kuanza kuomba kwa sauti kubwa na kwa mwendo wa kasi, na huwezi kumkatiza mtu katikati ya sala. Aliposema amina, kanisa likajibu. Ilikuwa imekwisha. Wanawake wa benchi la mbele wakabanana, naye akaketi.

Yule mzee hakusogea. Sijui alisikia nini. Nilikuwa mbali, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuwa na namna ya kwenda kuuliza.

Baada ya ibada watu hukusanyika uwanjani kwa mnada wa sadaka: mayai, mahindi, kuku, ndizi, chochote kilichofika madhabahuni badala ya pesa. Mnadi wetu ni kaka yangu. Ni mtu mkimya sana, lakini mpe jogoo mkononi, anageuka mtu mwingine.

"Jogoo huyu jamani! Anajua saa kuliko mpiga kengele! Mpiga kengele, usinune, mnunue umfukuze kazi!"

Watu wakacheka, jogoo akanunuliwa, mayai yakaenda. Ukafika mkungu wa mama yake. Kaka akauinua na hakutia utani wowote. Mmoja akataja bei, mwingine akapandisha, na hapo fimbo ikainuka kutoka kwenye kiti kilichowekwa chini ya ukuta. Mzee akataja bei yake. Aliyekuwa anapandisha akaacha.

"Yuko mwingine?" kaka akauliza. Akawatazama watu mmoja mmoja. "Jamani. Ndizi za kupika hizi. Yuko mwingine?"

Mkungu ukawa wa mzee.

Kwetu, anayenunua kwenye mnada wa kanisa si lazima abebe. Mara nyingi hutaja mtu wa kupelekewa: mjane, mgeni, mwalimu mpya. Mnadi huuliza, na mnadi ndiye hupeleka. Kaka akauliza kwa sauti ya chini apelekewe nani.

"Mpelekee mwenye ndizi," mzee akasema.

Uwanja wote ulimwona mtu mzima mwenye paji lile la uso akitoka kwenye kiti cha mzee mwenye paji lile lile, mkungu begani, akivuka nyasi kwenda kwa mama yake. Alipofika aliushusha miguuni pake na kubaki ameinama, kana kwamba bado una uzito.

Shangazi akazitazama zile ndizi. Alizilima mwenyewe, alizikata juzi.

"Mwambie asante," akasema. "Lakini mimi ndizi ninazo. Mpelekee mama mchungaji."

"Anasemaje?" mzee akauliza kule kwenye kiti.

Jirani yake akamwinamia sikioni akapiga kelele, kama wanavyofanya na viziwi, na wote tukasikia mara ya pili. "Anasema asante! Ndizi anazo!"

Mzee akafikiri.

"Kweli," akasema. "Anazo."

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wengine, mama mchungaji akaja kuchukua mkungu wake kwa aibu, na mnada ukaendelea na mahindi. Hakuna kilichotajwa. Mwenyekiti alipita akanipa mkono, akasema jambo limekwenda vizuri, na kwamba ule mhadhara ulisaidia. Nikamshukuru.

Nyumbani tulikaa jikoni kwa sababu kulikuwa na moto. Shangazi alikuwa amechoka, anapumua kwa kuvuta, amelaza miguu juu ya gunia. Mke wa kaka akapakua makande. Nilikuwa nawaza ile sura ya mwisho. Itabidi niiandike upya, na sijui kwa maneno gani. Wasomaji watauliza kama alikubali au alikataa, watataka ushahidi, na mimi sina kaseti wala namba ya jalada. Nina upepo wa mlangoni, kofia iliyoacha kuzunguka na mkungu uliovuka uwanja. Nilihisi uzito wa kuanza tena kazi niliyodhani nimeimaliza.

"Acha kuwaza, kula," shangazi akaniambia, lakini hakuwa ananitazama mimi.

Alikuwa anamtazama mwanawe. Kaka aliketi kwenye kigoda, sahani magotini, anakula. Hakuwa anaongea. Alimaliza, akamnyooshea mkewe sahani, akaongezewa, akainama tena. Shangazi alimfuatilia kijiko kwa kijiko mpaka sahani ya pili ilipobaki mchuzi tu. Ndipo akaegemea ukuta.

"Kule mbele wana spika," akasema. "Ile kubwa, nyeusi. Imenipasua sikio."

"Tutaisogeza, mama," kaka akajibu, mdomo umejaa.

"Acha. Jumapili nitakaa katikati."